Kontrolboksi Haina Kosa

Umeme unapozimika usiku katika nyumba moja ya Mbalizi, Mbeya, hakuna mwenye akili timamu anayependekeza familia ichange pesa za transfoma mpya. Utaratibu anaujua hata mtoto wa darasa la pili. Kwanza mtu anachungulia dirishani aone kama kwa jirani kunawaka. Kwa jirani nako kukiwa giza, shida ni ya mtaa mzima, watu wanavuta blanketi. Kwa jirani kukiwa kunawaka, mama mwenye nyumba anauliza ni nani aliyeangalia mita ya LUKU mara ya mwisho, na macho yote yanamgeukia yule kijana anayechemsha maji ya kuoga kwa hita. Uniti zikiwepo, ndipo mtu anakwenda kugusa swichi kubwa ukutani. Hatua tatu, dakika tano, bila senti moja. Sasa mchukue mwerevu huyo huyo, mwamshe saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai, mpe funguo ya Toyota IST iliyogoma kuwaka, kisha umsikilize. Hatachungulia popote wala hataulizia uniti. Atapiga funguo mara moja, atasikia tik-tik-tik, atashusha pumzi ndefu kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji na kutangaza: “Hii ni kontrolboksi.”

Kosa hili silihesabu kuwa ni ujinga, kwa sababu aliyelitenda ndiye yule yule aliyeshughulikia giza la nyumbani kwa mantiki safi. Naliita heshima iliyopotea njia. Gari la kisasa tumelipa cheo. Tunajua lina kompyuta, na kompyuta kwetu ni kitu cha kuvulia kofia, kwa hiyo gari likiugua tunadhani ni adabu kulitafutia ugonjwa wa hadhi yake. Kumwambia mtu aliyelipa ushuru wa bandarini, akalipa na wa uchakavu, kwamba gari lake linasumbuliwa na uchafu wa kidole kimoja ni kama kumwambia mzee wa ukoo kwamba kizunguzungu chake kimetokana na kutokula asubuhi. Anataka kusikia presha, au angalau sukari. Nami nadai kwamba ukitaka kutibu umeme wa gari nyumbani, uanze na kilicho duni kuliko vyote na upande ngazi taratibu, kwa kuwa vitu duni ndivyo vinavyoishi maisha magumu. Kontrolboksi, yaani hiyo kompyuta ya gari, imefungwa ndani ya kasha lake, mahali pakavu, haina kinachozunguka wala kinachosuguana. Betri kwa upande wake imejaa asidi, inatikiswa kwenye kila tuta kati ya hapa na Tunduma, inamwagiwa maji kila gari linapooshwa, na imeanza kuzeeka siku ile ile ilipotengenezwa. Mtu asiyewajua wote wawili angebashiri nani ataanguka kwanza, na angepatia.

Tufungue boneti tuangalie kwa karibu. Kwenye kichwa cha hasi cha betri kuna unga mweupe unaoelekea ukijani, mfano wa sembe iliyovunda. Chini ya unga huo kibano cha waya kimekaa kama kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto: ukikishika kwa vidole viwili kinazunguka. Na kati ya kibano na kichwa, mtaalamu fulani amepigilia msumari wa inchi moja na nusu. Msumari huo una ukoo wake. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliundwa kutumia betri zenye vichwa vyembamba. Betri iliyoandikwa 46B24L ina vichwa vyembamba. Iliyoandikwa 46B24LS ina umbo lile lile lakini vichwa vinene, na tofauti yote imebebwa na herufi S ambayo hakuna anayeisoma. Betri ya kwanza ikifa, inanunuliwa yenye vichwa vinene. Kibano hakiingii, kinapanuliwa kwa bisibisi na maneno makali. Miaka miwili baadaye inanunuliwa yenye vichwa vyembamba, na kibano kilichokwisha kupanuliwa hakijui tena kushika. Hapo ndipo msumari unapoajiriwa. IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 na ikaacha kutengenezwa mwaka 2016. Ingekuwa binadamu, ile changa kabisa ingekuwa shule ya msingi na dada zake wakubwa wangekuwa wameshachukua kitambulisho cha taifa. Katika umri huo imeshabadilishiwa betri mara nyingi, na kila betri imekiachia kibano kovu lake.

Msomaji makini atanipinga hapa kwa hoja ambayo husikika kila asubuhi penye gari lililogoma: “Betri ni nzima kabisa, hebu ona, taa zinawaka na redio inapiga.” Hoja hii ina nguvu ya kuonekana kwa macho, na imewapotosha watu wengi kuliko uongo wa wazi. Mjerumani Georg Ohm aliwajibu tangu mwaka 1827, kabla halijawepo hata gari la kugoma. Volti zinazopotea njiani ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Tuseme uchafu na msumari vimeleta ukinzani wa omu 0.02, kiasi kidogo ambacho multimita ya bei rahisi haiwezi hata kukisoma ikielekezwa kwenye alama ya omu. Taa kubwa mbili zinavuta ampea kama 9. Zidisha, zimepotea volti 0.18, na taa zinang'aa kama harusini. Stata ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea 150 inapoanza kusukuma. Zidisha tena, zimepotea volti 3. Betri yenye volti 12.6 imefikisha 9.6 kwa makadirio ya ukarimu, maana betri yenyewe nayo hushuka inapobebeshwa mzigo. Stata inapiga tik-tik-tik na kunyamaza. Kompyuta nazo, ambazo zilizoea kula vizuri, zinazima na kuwaka, na kila moja inawasha taa yake kwenye dashibodi kulalamika: breki, usukani, mifuko ya hewa, injini. Mwenye gari akiona dashibodi imepambwa namna hiyo anaona ushahidi wa maradhi saba. Kumbe ni njaa moja, na chanzo chake kingeondolewa kwa spana namba 10, kipande cha msasa na maji ya uvuguvugu yenye magadi.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi kiasi cha kukasirisha. Multimita inawekwa kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu. Ncha nyeusi inagusa kichwa chenyewe cha hasi cha betri, na nisisitize ni kichwa chenyewe, kibano kiachwe. Ncha nyekundu inagusa chuma kitupu cha injini. Mtu wa pili anapiga stata. Waya wa hasi ukiwa mzima, kioo kitaonyesha sehemu ndogo tu ya volti. Kikionyesha zaidi ya nusu volti, mwizi amepatikana kati ya ncha hizo mbili, na kinachobaki ni kufuata kibano, waya na boliti yake mmoja mmoja. Kisha zoezi linarudiwa upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi stata. Injini ikiwaka, vichwa viwili vya betri visome kati ya volti 13.5 na 14.5, vikibaki kwenye 12, alteneta au njia yake ndiyo ya kuhojiwa. Ugumu wa kazi hii ni mmoja tu, kumpata huyo mtu wa pili asiyeachia funguo mapema ili aje kuchungulia kioo.

Watu wa nyanda za juu wana mshukiwa mwingine wanayempenda, baridi. Gari liliwaka vizuri Dar es Salaam, likapanda zaidi ya kilomita 800, likalala usiku mmoja Mbalizi, asubuhi likagoma. Hukumu ni kwamba hali ya hewa ya Mbeya inaharibu magari. Ushahidi unakwenda kinyume. Kinachoila betri ni joto, kwa sababu joto huharakisha kutu na uchakavu wa sahani zake za risasi. Baridi hupunguza tu nguvu inayoweza kutolewa kwa wakati ule, huku oili ya injini ikiwa nzito na stata ikidai zaidi. Betri iliuawa taratibu pwani, kwenye foleni ya Ubungo, na ikaja kufia huku. Mbeya imesingiziwa msiba kwa sababu tu maiti imeokotwa uwanjani kwake.

Nageukia pingamizi zito kuliko yote, la wale wanaosema kwamba siku hizi hakuna haja ya kubahatisha maana kuna mashine. Ni kweli, ipo. Marekani ililazimisha magari mapya yote madogo kuwa na soketi ya kawaida ya uchunguzi kuanzia mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na leo kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinazungumza na simu ya mkononi bila hata waya. Kinatoa namba, kwa mfano P0171, na namba hiyo inaheshimiwa kama majibu ya maabara. Tatizo ni kwamba namba inamtaja aliyelia, haimtaji aliyefinya. Ukiingia chumbani ukamkuta mtoto mdogo analia, umejua nani anaumia. Kumchapa yeye ili anyamaze ni uamuzi mwingine. P0171 inasema hewa imezidi petroli kwenye mchanganyiko. Aliyetoa taarifa ni sensa ya oksijeni, basi sensa inang'olewa na kununuliwa nyingine, ilhali hewa inaingilia kwenye mpira uliopasuka, au petroli haifiki ya kutosha. Sensa mpya inafungwa, inatazama hali, na kwa uaminifu ule ule inaripoti P0171. Kuhusu zile namba zinazoanza na U, zinazosema kompyuta moja haisikii nyingine, nashauri mtu apime volti za betri kabla ya kushtuka. Njaa ile ya asubuhi inatosha kuzizaa. Kompyuta hizi huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa, mtindo uliotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986, na mazungumzo yoyote huenda mrama pale wazungumzaji wanapozimia katikati ya sentensi.

“Basi mwachie fundi,” wanasema wengine, na hapa nakubali nusu. Mafundi umeme wa magari wa ukanda huu wamefanya makubwa kwa vifaa vichache, na anayewadharau hajawahi kukwama Igawa usiku. Lakini fundi naye amewekwa katika mtego wa mteja. Tunakwenda gereji kama tunavyokwenda duka la dawa, tumeshajipima wenyewe: “Nina malaria na taifodi, nipe za zote mbili.” Mteja anashuka akiwa tayari na neno kontrolboksi mdomoni, na wakati mwingine ameshaulizia bei. Fundi anayemjibu “Bosi, hebu nikaze kwanza hiki kibano” anaonekana hana kisomo. Anayetikisa kichwa kwa huzuni na kusema “Bosi, hapa pana kazi” anaonekana bingwa. Kontrolboksi iliyotumika inaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, inapanda basi la usiku, inashuka asubuhi imefungwa kwenye boksi la biskuti, na risiti yake inasema kilichouzwa hakirudishwi. Inafungwa. Kama gari lina kinga ya wizi ya elektroniki, kontrolboksi hiyo ngeni haiitambui funguo, na ni haki yake, hawajawahi kutambulishwa. Gari ambalo jana lilikataa kuwaka kwa sababu moja leo linakataa kwa sababu mbili, na msumari bado uko pale pale. Wahenga waliosema mdharau mwiba mguu huota tende hawakuwa wameona IST, lakini walikuwa wameona wateja.

Kuna kipimo cha kienyeji ambacho lazima nikitaje kwa jina baya, kwa sababu kinarithiwa kutoka kwa watu wenye heshima. Injini ikiwa inaunguruma, kibano cha betri kinachomolewa. Injini ikiendelea, alteneta ni nzima. Mzee aliyekuwa na Land Rover ya zamani atakuambia amefanya hivyo maisha yake yote, na anasema kweli. Land Rover yake ilikuwa na waya, taa na ukaidi, basi. Betri kwenye gari hufanya pia kazi ya shimo la kutuliza mawimbi. Ukiichomoa ghafla huku alteneta inazalisha, volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa kufumba na kufumbua, na zinatafuta pa kwenda. Hapo kontrolboksi inaweza kuungua kweli, na kila mtu aliyekuwa akiituhumu tangu asubuhi anasema, “Si niliwaambia?”

Fyuzi sitazimalizia wino. Rangi zake zinasomeka: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Mzalendo ataona kwamba tatu kati ya hizo ni rangi za bendera ya taifa. Nyeusi, ile ya nne, hupatikana pale mtu anapoziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, na hupakwa kwenye nyaya zote za jirani kwa mkupuo mmoja. Nyumbani nako kuna mipaka ambayo namuunga mkono kabisa anayenionya. Nyaya na soketi za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa, ambayo hufyatuka kwa mlipuko; haziguswi kwa multimita wala kwa udadisi. Nyaya nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya haibridi, kama Prius, hubeba zaidi ya volti 200, na hazina mzaha na shemeji anayejuajua umeme.

Betri inayokufa gari likiwa limeegeshwa nayo ina mantiki yake. Taa ndogo ya buti, wati 5, huvuta ampea 0.4 hivi. Betri yenye akiba ya ampea-saa 36 itamalizwa na taa hiyo kwa saa 90, hazifiki siku nne, na stata itakuwa imekata tamaa mapema zaidi. Mtu akienda msibani Kyela kwa basi, akakaa matanga mpaka yakaanuliwa, akarudi kukuta gari kimya, hana haja ya kumtazama jirani kwa jicho la pembeni. Aweke simu ndani ya buti ikirekodi video, afunge, ahesabu hadi kumi, afungue, atazame kama taa ilizimika. Kuhusu jirani kwa jumla, najua yapo maelezo mengine ya gari kuzima ghafla, na sitabishana na imani ya mtu. Nasema tu kwamba pale palipo na ghala la mahindi, baridi ya usiku na injini yenye joto la kukumbatia, mchawi anakuwa hana kazi, panya anatosha. Anaingia kupitia chini, anajilaza juu ya injini, na kwa kuwa meno yake hayaachi kukua anatafuna kilicho karibu. Panya ni kiumbe mwenye kipaji. Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Wa Mbalizi hawajafika huko, lakini waya wa sensa wanaupata gizani bila mashine ya uchunguzi.

Imebaki hofu moja, na ndiyo inayowafanya watu wengi wasiguse kibano hata wakiuona unga. Ukichomoa betri, redio ya Kijapani inajifunga. Kioo kinaandika sentensi ndefu kwa herufi za kwao, kikidai kadi ya ramani iliyobaki Japani, au namba ya siri ambayo mwenyewe wa kwanza hakuiandika popote. Hofu hiyo ina msingi, lakini tupime hasara yenyewe. Redio nyingi za magari hayo zimetengenezwa kwa masafa ya Japani, kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni za FM za kwetu zinaanzia kwenye 88 kwenda 108. Kinachopotea ni kipande cha kati ya 88 na 90, pamoja na mkwaruzo mwingi. Na redio ikifungwa haina maana gari limepoteza lugha. Siku msumari unapong'olewa, vichwa vikasuguliwa, kibano kipya cha saizi yake kikakazwa kwa spana namba 10 na funguo ikazungushwa, injini inadaka mara moja, taa zote za dashibodi zinazimika kama watoto waliosikia mlango wa baba, na kutoka mahali fulani nyuma ya dashibodi sauti ya mwanamke, yenye adabu nyingi, inamwarifu dereva kwa Kijapani kwamba hajaingiza kadi ya kulipia barabara ya mwendokasi. Inasema hivyo kila asubuhi tangu gari lishuke melini. Dereva anaijibu, “Asante, dada,” anaweka rivasi, na kurudi nyuma taratibu kuelekea barabara ya Zambia.